Employer na Employee: Tazama Mkia wa Neno Kabla ya Kutia Sahihi



Jumapili moja tulikutana hapa Kagugu, wilaya ya Gasabo, kwenye baraza ya mwenzetu. Tulikuwa watu wapatao kumi, na kazi yetu siku hiyo ilikuwa kusoma mikataba ya ajira, kifungu kwa kifungu.

Ndugu mmoja, fundi wa mashine kiwandani, alikuja na mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza. Alikuwa ameutia sahihi miezi minane nyuma. Tulipofika kifungu cha vifaa vya kazi, tulimwuliza nani ananunua buti na glavu. Akajibu bila wasiwasi: "Mimi. Ndivyo karatasi inavyosema." Karatasi ilisema mnunuzi ni employer.

Tulipomwuliza kwa nini anadhani employer ni yeye, alitupa jibu la mtu anayefikiri. "Driver ni anayeendesha gari. Cleaner ni anayefagia. Worker ni mfanyakazi. Wote wanaishia na er, na wote ni watu wa jasho. Basi employer si mimi?" Wenzetu wawili walicheka, lakini walipotakiwa kueleza tofauti, nao walinyamaza. Ndugu yetu alikuwa amekwisha kununua jozi mbili za buti kwa mshahara wake, na msimamizi aliyemwona akizivaa hakumwambia neno.

Tusimlaumu. Wengi wa rika letu hapa Rwanda tuliishia shule ya msingi, na lugha ya kigeni tuliyoisikia huko ni Kifaransa. Kiingereza kilifanywa lugha rasmi baada ya 1994, na mwaka 2008 Serikali ikaamua kiwe lugha ya kufundishia shuleni. Watoto wetu wanakisoma darasani, sisi tunakutana nacho kwenye karatasi ya kutia sahihi. Kwa hiyo leo tutayafungua maneno haya mawili kama fundi anavyoifungua mashine, tuone kilichomo ndani.

Maneno yote mawili yana shina moja, employ. Shina hilo Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini cha Warumi, katika neno implicare. Maana yake ya kwanza ni kukunja ndani, kufungamanisha kitu na kitu. Kwa asili, kuajiriwa kwa Kiingereza ni kufungwa ndani ya shughuli, kama nyuzi mbili zinavyosokotwa kuwa kamba moja.

Tofauti iko mkiani. Mkia er humtaja mtendaji. Driver anaendesha, cleaner anafagia, na employer anaajiri. Mkia ee ulitoka Ufaransa. Watu wa Normandia walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na baadaye kikatumika mahakamani kwa karne nyingi. Wanasheria wakazoea kumwita mtendewa kwa mkia huo. Mpaka leo trainer ni anayefundisha kazi na trainee ni anayefundishwa. Payer ni anayelipa na payee ni anayelipwa. Neno employee lenyewe ni changa, liliingia katika Kiingereza karne ya 19, kutoka neno la Kifaransa employé, yaani aliyeajiriwa.

Sisi tunaosema Kiswahili ufunguo tunao tayari. Mkia ee wa Kiingereza ni wa yetu: kupiga na kupigwa, kulipa na kulipwa, mwajiri na mwajiriwa. Ukiona ee mwishoni, sema moyoni "wa", na mara nyingi utakuwa umepata. Tunasema mara nyingi kwa sababu yapo maneno yanayokataa. Absentee ana ee, lakini hakuna aliyemtendea, ni yeye mwenyewe hakufika kazini. Hilo nalo msimamizi hulijua vizuri sana.

Tazameni tena jinsi kila lugha inavyoiona kazi. Kiingereza kinatazama kufungamana. Kiswahili kinatazama malipo, kwa kuwa ajiri na ujira ni ndugu, na asili yao ni Kiarabu. Kinyarwanda kinatazama kazi yenyewe: umukozi ni anayefanya kazi, na umukoresha ni anayemfanyisha. Mkataba wa haki unahitaji yote matatu, yaani kazi, malipo, na kamba inayowafunga wote wawili.

Kwa maana zamani kamba ilimfunga mmoja tu. Sheria za Uingereza zilizungumza juu ya bwana na mtumishi. Mtumishi aliyeacha kazi kabla ya muda aliweza kupelekwa jela, lakini bwana aliyevunja ahadi alidaiwa fedha tu. Vyama vya wafanyakazi vilipigana na jambo hilo, na mwaka 1875 sheria ikabadilishwa, ikaitwa ya waajiri na wafanyakazi. Lakini huku Afrika wakoloni waliendelea na ya zamani. Kenya iliwekewa sheria ya bwana na mtumishi mwaka 1906, na Tanganyika mwaka 1923. Kwa hiyo neno employer si la kupuuza. Kumwita bwana mwajiri maana yake ni kwamba naye ana wajibu ulioandikwa.

Sasa tuje mfukoni. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni hapa Rwanda ni asilimia 12 ya mshahara. Asilimia 6 hulipwa na employer na asilimia 6 hulipwa na employee. Mchango wa ajali na magonjwa ya kazini ni asilimia 2, na huo wote ni wa employer. Chukua mshahara wa faranga 100,000 usio na posho. Pensheni itakukata 6,000, na mwajiri ataongeza 6,000 zake. Zile 2,000 za ajali hazitoki kwako hata senti. Asiyejua kutofautisha er na ee anaweza kukatwa 2,000 hizo kila mwezi akadhani ndiyo sheria.

Vivyo hivyo kwa taarifa ya kuvunja mkataba usio na kikomo. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inataka taarifa ya siku zisizopungua 15 kwa aliyefanya kazi chini ya mwaka mmoja, na siku 30 kwa aliyetimiza mwaka. Taarifa hiyo anadaiwa mwajiri anayekuachisha, na unadaiwa wewe unayeacha. Hapo kamba inawafunga wote wawili, kama neno lenyewe linavyosema.

Ndugu zetu wa viwandani, na ninyi mnaochuma chai milimani, fanyeni hivi. Kabla ya kutia sahihi, chukueni kalamu mzungushie duara kila employer, na mpige mstari chini ya kila employee. Kisha ulizeni kila duara: huyu anatakiwa kutoa nini? Ulizeni kila mstari: na mimi je? Msipoelewa, msione haya, mleteeni mjumbe wenu. Ombeni pia nakala ya Kinyarwanda, au ya Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi hapa nchini tangu 2017. Mgogoro ukitokea, anzeni kwa wawakilishi wa wafanyakazi. Wakishindwa, nendeni kwa mkaguzi wa kazi, ndipo mahakamani.

Yule fundi wetu alikwenda Jumatatu yake na mwakilishi, karatasi mkononi, duara limezungushwa kwa wino mwekundu. Kiwanda kilimpa buti mpya wiki hiyo hiyo. Fedha za zile jozi mbili za kwanza bado hazijarudi, na tunaendelea kuzidai pamoja naye.

Umoja ni nguvu.