Hesabu zinakutisha na GRE inakusubiri? Anzia hapa

Unataka kwenda kusoma masta Marekani, ila hesabu uliachana nazo kidato cha nne? Tulia. GRE haina kalkulasi wala trigonometria. Ni asilimia, uwiano, aljebra, jiometri na takwimu, zilezile za sekondari.

Kinachobana ni muda: maswali 27, dakika 47. Ndiyo maana usikimbilie mitihani ya majaribio. Wiki za mwanzo komaa na asilimia na uwiano tu, tena bila kikokotoo, ingawa kwenye mtihani kipo. Bei ya 100 ikipanda asilimia 20, kisha ikashuka asilimia 20, inabaki 96, si 100. Mitego yenyewe ni ya hivyo.

Swali ulilokosa lirudie baada ya siku tatu, jibu ukiwa umelificha. Na siku yenyewe usiache swali wazi, ukikosa hukatwi alama.