Kuvua Trauti kwa Nzi wa Bandia

Wenzangu wengi waliposikia kwamba likizo ya Agosti nilikuwa nikivua samaki katika mto Thego, chini ya Mlima Kenya, waliniuliza siri ya kazi hiyo. Siri hakuna. Kuna mambo machache ambayo mimi nilifundishwa kwa aibu, nami nayaandika hapa ili wengine wayapate bila aibu.

Samaki huyu, trauti, si mwenyeji wa mito yetu. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskochi mwaka 1905, na watoto wake wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Hupenda maji baridi, safi, yaendayo mbio, kwa hiyo alistawi huku juu. Desturi ni kumvua kwa nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya ya kuku hata ikafanana na mdudu.

Mjomba wangu huongoza wageni mtoni, na sehemu ya karo yangu hutoka katika kazi hiyo. Siku moja aliteguka kifundo cha mguu, na kesho yake alikuwa akimngojea mgeni, mzee mmoja wa Nairobi. Akaniambia, "Mpwa wangu, nenda wewe. Lakini asipopata kitu, harudi tena."

Nilikwenda nimevaa shati langu jeupe la shule, nikatangulia ukingoni nikimwonyesha mahali pa kutupa. Tangu asubuhi hata adhuhuri hatukupata hata mmoja. Yule mzee hakusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko matusi. Alipoketi kula, nilikimbia kwa mjomba nikamweleza. Alicheka, kisha akanionyesha makosa yangu moja moja.

La kwanza, usionekane. Trauti hukaa kichwa chake kimeelekea mto unakotoka, akingoja maji yamletee chakula. Basi mwendee kwa nyuma, kutoka upande mto unakokwenda, ukiinama, umevaa nguo za rangi ya majani au udongo. Kivuli chako kisianguke majini, wala usikanyage kwa kishindo.

La pili, jua mahali alipo. Hakai katika nguvu ya maji akachoka bure. Hukaa nyuma ya jiwe, chini ya ukingo uliochimbika, au pale maji ya mbio yanapokutana na maji ya pole.

La tatu, jifunze kutupa. Nzi hana uzito. Mshipi ndio unaombeba. Ukiurudisha ufito nyuma, ngoja kidogo mshipi unyooke nyuma yako, ndipo uutupe mbele. Mwenye haraka huvua matawi ya miti.

La nne, mwache nzi aelee sawasawa na maji. Mshipi ukimburura, samaki hutambua hila. Kama huoni samaki wakila juu, mzamishe nzi, kwa kuwa trauti hupata chakula chake kingi chini ya maji. Maji yakichafuka kidogo kwa mvua, funga nzi mkubwa mweusi. Yakiwa matope matupu, rudi nyumbani.

La tano, samaki akishika, inua ufito kwa upole. Akikimbia, mpe mshipi. Akichoka, ukunje polepole.

Nilirudi mtoni nimevaa koti kuukuu la mjomba. Safari hii mzee alitangulia, nami nikatambaa nyuma yake kimya. Saa kumi mshipi wake ukakazwa ghafula, na baada ya kitambo tukamtia wavuni trauti mzuri, mwenye madoadoa ubavuni. Wa pili alikuwa mdogo, tukamrudisha majini. Kwanza tulilowesha mikono yetu, maana mkono mkavu humwondolea samaki ute unaomkinga na maradhi.

Jioni, alipokuwa akiaga, mzee aliuliza kama nitakuwapo mwezi wa Desemba. Nilimjibu kwamba nitakuwa nimekwisha fanya mtihani wangu, na kwamba nitakuwapo.

Nawe msomaji ukitaka kujaribu, kata kwanza leseni ya kuvua, kisha shika neno la mjomba wangu: mvuvi mwenye kelele hula ugali mtupu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne