Majina 43 kwenye kisanduku kimoja cha Excel: usiandike upya kwa mkono!

Somo la leo mwenzenu nililipata kwa aibu.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa napiga vibarua vya kuchapa kwenye kafe mtaani. Mama mmoja, katibu wa chama cha kuzikana, akaja na flashi. Majina ya wanachama wote 43 yamebanwa kwenye kisanduku kimoja cha Excel, yametenganishwa kwa koma. Anataka kila mtu awe na mstari wake, waweke tiki za michango. Nikaona kazi ndogo hiyo, nikaanza kuandika upya jina moja moja. Nikaruka moja.

Hazikupita wiki mbili, mwanachama yule yule akafiwa na mama yake. Mweka hazina akafungua karatasi: jina hamna! Msiba uko ndani, yeye anahojiwa kama kweli ni mwanachama. Walimlipa baada ya kufukua daftari la zamani, lakini mpaka leo nikikutana naye naangalia chini.

Kumbe kazi ile ni ya dakika mbili. Fuata hivi:

1. Nakili faili kwanza, ile ya asili usiiguse.

2. Tuseme majina yako A1. Kwenye A2 andika =LEN(A1)-LEN(SUBSTITUTE(A1,",",""))+1. Inahesabu koma na kuongeza moja, kwa hiyo unapata idadi ya majina. Iandike kwenye karatasi, maana ukishagawa A1 hesabu hiyo itabadilika.

3. Bofya A1, nenda Data, halafu Text to Columns. Chagua Delimited, bonyeza Next, weka tiki kwenye Comma, kisha Finish. Majina yatatawanyika kwenda kulia. Angalia visanduku vya kulia viwe vitupu, la sivyo vilivyomo vitafutwa.

4. Chagua majina yote, bonyeza Ctrl+C. Bofya A3 kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Paste Special, weka tiki kwenye Transpose, kisha OK. Yameshuka chini, kila jina na mstari wake!

5. Nafasi iliyokuwa baada ya koma imebaki mbele ya jina. Kwenye B3 andika =TRIM(A3), uburute hadi chini.

6. Hakiki: =COUNTA(A3:A100). Namba ilingane na ile ya kwenye karatasi. Hapa ndipo mimi ningeokoka.

Kama majina yametenganishwa kwa Alt+Enter badala ya koma, kwenye hatua ya 3 weka tiki kwenye Other, bofya kiboksi chake ubonyeze Ctrl+J. Kitaonekana kama kitupu, usishtuke. Na ukikuta kiasi kama 5,000 humo ndani, ondoa koma zake kwanza, maana Excel itakikata vipande viwili.

Wenye Microsoft 365 mmerahisishiwa: =TRIM(TEXTSPLIT(A1,,",")) inamaliza yote. Koma mbili za katikati ndizo zinazoyashusha chini, usisahau moja. Kwenye Google Sheets tumia =TRANSPOSE(SPLIT(A1,",")).

Wadau, orodha ni watu. Hesabu kabla, hesabu baada, ndipo uprinti. Aliyekwama aulize hapo chini, na mwenye njia fupi zaidi atumwagie. Tuko pamoja!