Umbali wa Ndege kwa Kalamu na Karatasi

Ukinyoosha mstari kwenye ramani kutoka Kahawa Sukari hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA), utapata kilomita 14 hivi, karibu kusini moja kwa moja. Gari linalopita Kamakis na kushika Eastern Bypass hutembea zaidi ya kilomita 20. Umbali wa ndege ni ule wa mstari, na yeyote aliyesoma hesabu za kidato cha nne anaweza kuukokotoa.

Kinachohitajika ni latitudo na longitudo za viwanja viwili. JKIA iko digrii 1.32 kusini na 36.93 mashariki. Uwanja wa Moi, Mombasa, uko digrii 4.03 kusini na 39.59 mashariki. Ukitoa, unabaki na 2.71 za latitudo na 2.66 za longitudo. Sisi wa karibu na ikweta tumebahatika: huku digrii moja ya longitudo inakaribia kulingana na ya latitudo, yaani kilomita 111.2 hivi. Kwa hiyo Pythagoras anatosha. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 3.8. Zidisha kwa 111.2, nazo ni kilomita 422 hivi. Kwa barabara safari hiyo hukaribia 480.

Njia hii haifai kwa safari ndefu. Kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia, mistari ya longitudo husogeleana, na digrii moja katika latitudo ya New York ni kilomita 84 tu. Hapo hutumika fomula ya haversine, inayofuata duara kuu, njia fupi kuliko zote juu ya tufe. Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018, umbali wa duara kuu ulikuwa kama kilomita 11,840. Njia hiyo hukata Chad, Algeria na Moroko. Anayefuata mstari ulionyooka wa ramani ya ukutani ya Mercator huongeza kilomita 350 hivi.

Lakini umbali si muda. Kwenda New York kulipangiwa saa 15 na kurudi saa 14, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi. Aidha, ndege hukwepa mawingu ya radi na anga zilizofungwa, kisha huzunguka ili ijipange na njia ya kutua. Kwa hiyo kilomita zinazorukwa hasa huzidi zile za hesabu, na rubani hubeba mafuta ya akiba kwa ajili hiyo.

Mwenye mtoto wa kidato cha nne ampe zoezi la kutoka JKIA hadi Entebbe: digrii 0.04 kaskazini, 32.44 mashariki. Amkumbushe kwamba Entebbe iko ng'ambo ya ikweta, hivyo latitudo hujumlishwa badala ya kutolewa. Jibu sahihi ni kama kilomita 520.