Ukoka wa Masika na Mizizi Yake

Masika yakikolea, ukoka haungoji mtu. Mvua inanyesha mfululizo, jua linachungulia Jumamosi, na nyasi zilizokuwa chini ya kifundo cha mguu sasa zinagusa muundi. Anayetunza bustani anaambiwa azishushe mpaka chini, ili zichelewe kurudi. Agizo hilo huudhuru ukoka vibaya, na sababu yake ilipimwa zamani.

Mwaka 1955, Idara ya Kilimo ya Marekani ilichapisha ripoti ya mtaalamu wa mimea Franklin J. Crider. Alikata majani ya nyasi kwa viwango tofauti, kisha akafuatilia kinachotokea ardhini. Zilizopoteza asilimia 40 ya majani, mizizi yake iliendelea kukua. Ilipofika nusu na kuzidi, baadhi ya mizizi ikasimama. Kwa asilimia 80 ilisimama yote, siku 12 nzima. Kwa asilimia 90, siku 17. Na hapo nyasi zilikatwa mara moja tu!

Jani ndilo linalotengeneza sukari inayolisha mmea. Likiondolewa, nguvu iliyobaki inaelekezwa kwenye kuotesha jani jipya, kama familia iliyokosa mshahara inavyosimamisha ujenzi ili watu wale. Ndiyo maana nyasi zilizonyolewa kipara hurudi kijani upesi na mwenye nyumba akaridhika, kumbe chini hakuna kilichosogea. Tena masika ndiyo majira ambayo mizizi ingepaswa kushuka. Hasara ya Aprili huja kuonekana kiangazi, maji yanapokuwa yamebaki chini tu na mizizi mifupi haiyafikii.

Kwa hiyo ushauri wa wataalamu wa kutoondoa zaidi ya theluthi moja kwa mkato mmoja una msingi. Nyasi za sentimita 9 zibaki 6. Zikishafika 15, zishushwe hadi 10 kwanza, zipewe siku kadhaa, ndipo zipunguzwe tena.

Je, zikatwe zikiwa zimelowa? Kama unaweza kungoja, ngoja. Udongo ulioshiba maji hugandamizwa kwa urahisi na magurudumu na miguu, na mizizi ileile tunayoihurumia inakosa hewa. Jani nalo, likiwa limelowa, hulala mbele ya kisu, hasa kisu butu, likachanika badala ya kukatika. Inama uangalie: jani lililokatwa vizuri lina ncha iliyonyooka, lililochanika lina nyuzinyuzi nyeupe ambazo baada ya siku moja au mbili hugeuka kahawia. Kidonda cha namna hiyo, pamoja na unyevu, ni mlango wa magonjwa ya ukungu. Mabonge ya majani mabichi yanayodondoka nyuma ya mashine nayo yasambazwe kwa reki, la sivyo yatafunika nyasi zilizo chini na kuzinyima mwanga. Mashine ya umeme isiguse kabisa nyasi zilizolowa. Hapo ni maisha ya mtu.

Kabla ya kuanza, kandamiza ardhi kwa kisigino. Maji yakichuruzika juu, rudi baadaye, umande ukishakauka na ardhi imeshikamana. Na mvua isipotoa nafasi wiki nzima, mashine ya petroli iinuliwe kisu hadi kimo cha juu kabisa, ama fyekeo lipite juujuu, zikatwe ncha tu. Kilichobaki kitakatwa kukianuka.