Damu ikirudi baada ya hedhi kukoma, usiulaumu uvimbe wa zamani

Tura, wilayani Uyui, ndicho kilikuwa kijiji cha kwanza cha Unyamwezi kwa misafara iliyotoka pwani na kuvuka pori kavu la Mgunda Mkali. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857. Siku hizi ni kituo cha Reli ya Kati, na hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, iko Tabora mjini. Kwa bibi wa Tura hiyo ni safari yenye nauli, na ni rahisi kuiahirisha. Kuna dalili moja isiyovumilia kuahirishwa: damu kurudi baada ya hedhi kukoma. Kwanza tuujue uvimbe unaolaumiwa.

Fibroidi ni uvimbe unaoota katika misuli ya mji wa mimba. Si saratani, na hautokani na kurogwa. Hulishwa na homoni za kike, estrojeni na projesteroni, ndiyo maana hukua mwanamke akiwa bado anapata hedhi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikadiria kuwa wanawake weusi zaidi ya 80 kati ya 100 huwa nao kufikia miaka 50, na wengi hawajui kwa kuwa hauwasumbui.

Hedhi ikikoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, homoni hizo hupungua na uvimbe husinyaa wenyewe. Mama asiye na dalili mara nyingi hahitaji dawa wala upasuaji.

Sasa, kama uvimbe unasinyaa, damu inatoka wapi? Mama aliyemaliza miezi 12 bila hedhi kisha akaona damu, hata matone, asijiambie ni uvimbe wake ule ule. Mara nyingi chanzo ni kidogo, kama ukavu wa uke. Lakini takriban mmoja kati ya kumi hukutwa na saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi. Tena saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, nayo huleta damu ya namna hiyo. Zote mbili zinatibika zikiwahiwa. Uvimbe unaozidi kukua baada ya hedhi kukoma nao uchunguzwe.

Mitishamba ya "kusafisha kizazi" haioni kilichomo ndani. Kinachoona ni altrasaundi, daktari kukagua mlango wa kizazi na, ikibidi, kipande kidogo cha nyama kupelekwa maabara.

Mama zetu huona haya kuyasema haya mbele ya watoto. Bibi akikudokeza kwamba ameona damu, mpeleke kituo cha afya wiki hiyo hiyo, na akipewa rufaa ya Kitete, mtafutie nauli.