Shira Hung'oa Nywele, Haiui Mzizi

"Daktari, nikishatoa nywele kwa shira nipake nini zisiote tena?" Nimeulizwa hivyo Lushoto mjini, nikaulizwa Soni, nikaulizwa Mlalo. Hakuna cha kupaka. Na wanaowauzia mabibi harusi mafuta ya mayai ya sisimizi kwa ahadi hiyo wanawadhulumu.

Unywele huota ndani ya kifuko, milimita kadhaa chini ya ngozi. Shira inaung'oa, kifuko kinabaki na kinatengeneza mwingine. Muuzaji atadai mafuta yake yana asidi inayochoma mzizi. Asidi kali kiasi hicho ingebabua kwanza ngozi iliyo juu, na isiyoweza kubabua ngozi haina la kufanya huko chini. Basi mbona jirani aliyatumia zikapungua? Kwa sababu nywele za mwili haziamki pamoja. Wakati wowote vifuko vingi vimepumzika, na baada ya kung'olewa kila kimoja huota kwa wakati wake. Wiki tatu nne mguu ni laini, sifa inapewa chupa. Asingepaka chochote angeona yaleyale, na pesa yake ingebaki mfukoni.

Jambo jingine: mkipika shira, msifuate kipimajoto cha shoga wa Tanga. Lushoto iko yapata mita 1,400 juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 95, na shira hufikia uzito wake nyuzi nne au tano mapema kuliko pwani. Ukingoja nyuzi za Tanga, itakauka ivunjike. Dondosha tone kwenye maji baridi, likifinyangika, epua.

Vipimo vya shira: vikombe viwili vya sukari, robo kikombe maji ya ndimu, robo maji. Ndimu ndiyo inayozuia sukari isirudi kuwa chengachenga, usiiache. Ipoe kabisa hadi ishikike. Paka kinyume cha uotaji, vuta kufuata uotaji, ngozi ikiwa imekazwa. Iking'ang'ania, maji ya uvuguvugu yanaiyeyusha. Ukiungua, maji safi yanayotiririka dakika 20, si dawa ya meno. Ngozi iliyochubuliwa kwa krimu usiiguse, itatoka na shira. Wembe nao unafaa, haunenepeshi nywele. Leza hupunguza kwa muda mrefu. Anayetaka zisirudi, ni elektrolisisi, kifuko kimoja kimoja. Mwanamke anayeota ndevu ghafla huku hedhi ikivurugika aende hospitali, na kama anajipaka krimu zenye steroidi azitaje bila kuona haya, maana zenyewe huotesha nywele usoni.